Kabla ya Kubadilisha Sensa ya Oksijeni

Dereva wa Noah anayebeba abiria kati ya Katesh na Babati anaijua taa hii: alama ndogo ya njano yenye umbo la injini, inayowaka kwenye dashibodi na kugoma kuzimika. Fundi huchomeka mashine, huisoma, kisha hutoa jibu: "Sensa ya oksijeni imekufa, mzee." Inatafutwa sensa nyingine Babati au Arusha, mara nyingi iliyokwisha kutumika. Inafungwa, taa inafutwa, gari linarudi kazini. Wiki moja au mbili baadaye taa imewaka tena, na jibu la gereji ni lile lile.

Kwa nini inarudi? Hilo ndilo swali la uchambuzi huu. Kulijibu kunahitaji subira kidogo, kwa sababu itabidi tuanze na kitu ambacho watu wengi hukiruka: sensa yenyewe inapima nini.

Petroli haiungui peke yake. Ili kilo 1 ya petroli iungue ikaisha, inahitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Uwiano huo tuuite mchanganyiko kamili. Hewa ikizidi hapo, mchanganyiko ni mwepesi. Mafuta yakizidi, mchanganyiko ni mzito. Mchanganyiko mwepesi huinyima injini nguvu mlimani. Mchanganyiko mzito hula mafuta, huchafua plagi na kuacha masizi meusi kwenye bomba la moshi. Kabureta za zamani zilikadiria uwiano huu kwa vitundu vya shaba visivyobadilika. Injini yenye nozeli zinazoongozwa na kompyuta hufanya zaidi ya kukadiria: hupuliza mafuta, halafu husubiri kuletewa habari za matokeo.

Mleta habari ni sensa ya oksijeni. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoiingiza kwenye magari, na gari la kwanza kuuzwa nayo lilikuwa Volvo lililotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani mwaka 1976. Ndani yake mna kidole cha kauri ya zirkonia kilichopakwa utando mwembamba wa platinamu. Upande wa nje wa kidole huguswa na moshi unaotoka kwenye injini. Upande wa ndani huguswa na hewa ya kawaida. Kauri hiyo ikishapata joto la zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi, tofauti ya oksijeni kati ya pande hizo mbili huzalisha umeme mdogo. Moshi usio na oksijeni, yaani mchanganyiko mzito, hutoa karibu volti 0.9. Moshi wenye oksijeni nyingi, yaani mchanganyiko mwepesi, hutoa karibu volti 0.1. Mpaka kati ya hali hizo mbili ni volti 0.45.

Msomaji asilipite jambo moja hapa, kwa maana hoja nzima inaliegemea. Sensa haipimi mafuta. Inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi, basi. Haijui oksijeni hiyo imetoka wapi. Bomba la moshi likiwa na ufa kabla ya sensa, hewa ya nje huingia, na sensa hutoa taarifa ya mchanganyiko mwepesi. Silinda moja ikimisi kwa sababu ya koili mbovu, hewa yake hutoka bila kuungua, na sensa hutoa taarifa hiyo hiyo, hata kama petroli mbichi inamwagika kwenye bomba. Katika hali zote mbili sensa imesema kweli kuhusu oksijeni. Aliyekosea ni anayeisoma taarifa hiyo kana kwamba inahusu mafuta.

Kompyuta ya gari ikipokea taarifa hurekebisha kiasi cha petroli, na marekebisho hayo huandikwa kwa asilimia. Marekebisho ya muda mfupi hupanda na kushuka kila sekunde. Marekebisho ya muda mrefu ni kumbukumbu: kompyuta imejifunza kwamba injini hii, kwa kawaida, inahitaji nyongeza ya asilimia 4, au punguzo la asilimia 6. Alama ya kujumlisha maana yake kompyuta inaongeza mafuta kwa sababu imeona wepesi. Alama ya kutoa ni kinyume chake. Asilimia 10 juu au chini haimtishi fundi. Ikikaribia 20 au 25, kompyuta huona imefika mwisho wa uwezo wake wa kurekebisha. Huandika msimbo wa hitilafu, P0171 kwa wepesi au P0172 kwa uzito, na kuwasha taa.

Magari mengi yana sensa ya pili, iliyofungwa baada ya masega. Masega ni kile kitofali cha kauri chenye vitundu vingi kilichomo kwenye bomba la moshi, kilichopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, ambacho hugeuza gesi zenye sumu kuwa gesi zisizo na madhara makubwa. Masega mazima huhifadhi na kuachia oksijeni, hivyo umeme wa sensa ya pili hutulia karibu na volti 0.6 au 0.7 wakati ule wa sensa ya kwanza ukipanda na kushuka. Sensa ya pili ikianza kuiga ya kwanza, kompyuta hukata shauri kwamba masega hayafanyi kazi na huandika P0420. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Kipimo cha mafuta kinaongozwa na sensa ya kwanza.

Tumekwisha kuona misimbo mitatu, na hakuna hata mmoja uliosema kwamba sensa ni mbovu. P0171 inasema mchanganyiko ni mwepesi. P0172 inasema ni mzito. P0420 inasema masega yamechoka. Yote imetokana na maneno ya sensa, na kwa sababu hiyo jina la sensa hutajwa kwenye skrini ya mashine au kwenye mazungumzo ya gereji, kisha lawama ikaiangukia. Mkulima wa Mbulu akiambiwa gunia lake la vitunguu saumu limepungua kilo, hakimbilii kununua mizani mpya. Kwanza huangalia gunia.

Ipo misimbo mingine inayoihusu sensa yenyewe. P0135 na P0141 huhusu kipasha joto kilichomo ndani yake, ya kwanza kwa sensa ya mbele na ya pili kwa sensa ya nyuma. P0130 huhusu mzunguko wake wa umeme. P0133 husema inajibu polepole. Hata hiyo haitoshi kuihukumu, kwa kuwa mzunguko wa umeme ni sensa pamoja na nyaya, soketi na fyuzi, na uzembe wa kujibu unaweza kuletwa na ufa kwenye bomba. Lakini angalau hapo sensa imetajwa kwa haki.

Sasa turudi kwenye ile wiki moja ya nafuu. Kompyuta haiwashi taa kwa kila kosa. Kwa makosa mengi ya aina hii husubiri kuliona kosa katika safari mbili zinazofuatana, na safari kwa maana yake ni kuwasha injini, ikapata joto, gari likaendeshwa katika hali fulani, kisha ikazimwa. Zikipita safari tatu bila kosa kuonekana, taa huzimika yenyewe, ingawa msimbo hubaki kwenye kumbukumbu mpaka injini iwe imepata joto mara 40 hivi. Tena jaribio la masega halifanyiki ovyo: mara nyingi hutaka injini iliyopata joto barabara na mwendo usiobadilika kwa dakika kadhaa. Gari linalozunguka kati ya soko la Mbulu, stendi na nyumbani linaweza kumaliza siku nyingi bila kutimiza masharti hayo. Siku linapopelekwa Singida kwa lami iliyonyooka, masharti yanatimia, na taa inawaka mbele ya dereva aliyeamini gari lake limepona.

Na kuna zaidi ya hapo. Fundi anapofuta msimbo, kwa magari mengi anafuta pia marekebisho ya muda mrefu yaliyokuwa yamehifadhiwa. Kompyuta inaanza kujifunza upya kutoka sifuri. Kwa siku chache gari huwa na tabia tofauti, pengine nzuri zaidi, na mwenye gari huisifu sensa mpya. Kumbe nafuu hiyo angeipata hata kama ile ya zamani ingerudishwa mahali pake.

Baada ya hayo tuitazame nchi yenyewe, kwa kuwa gari la Mbulu na Hanang linaishi maisha yake mahususi. La kwanza linalotajwa vijiweni ni mwinuko. Mji wa Mbulu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Katesh iko chini ya Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Katika mwinuko wa mita 1,700 kanieneo ya hewa iko chini ya ile ya Dar es Salaam kwa asilimia 18 hivi. Injini yenye kabureta ililiona jambo hili waziwazi: ilipofika juu ilipata hewa kidogo kwa mafuta yale yale, mchanganyiko ukawa mzito. Injini ya kompyuta hupima hewa inayoingia, ama kwa uzito wake ama kwa kanieneo yake, na hupunguza mafuta ipasavyo. Itapoteza nguvu, ndiyo, lakini haina sababu ya kuwasha taa. Mwinuko peke yake tuuondoe kwenye orodha ya washukiwa.

Vumbi halitoki kirahisi hivyo. Kwenye barabara za Basotu, Haydom na Yaeda Chini wakati wa kiangazi, chujio la hewa huziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyotarajia. Wengi hulipuliza kwa upepo wa kompresa kwa nguvu hadi karatasi yake inatoboka, nalo likirudishwa huwa ni pambo tu. Vumbi laini hupita na kuganda kwenye waya mwembamba wa kipima hewa, ule unaopashwa joto na kupozwa na hewa inayopita. Waya uliovikwa vumbi haupoi inavyotakiwa, hivyo huiambia kompyuta kwamba hewa ni kidogo kuliko ilivyo. Kompyuta hutoa mafuta kidogo, sensa huona oksijeni nyingi, P0171 huandikwa, na sensa hubadilishwa. Dawa ilikuwa kuusafisha waya huo kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, bila kuugusa kwa kidole wala brashi, na kuweka chujio jipya.

Barabara hizo hizo za changarawe hutikisa bomba la moshi mpaka maungio yanalegea na mahali palipochomelewa panapasuka. Moshi hautoki kama maji ya bomba. Hutoka kwa mapigo. Kati ya pigo moja na jingine msukumo hushuka, na hewa ya nje hunyonywa kupitia ufa. Ufa wa namna hiyo husikika asubuhi injini ikiwa baridi, kwa mlio wa kugonga unaopungua chuma kinapopata joto na kutanuka. Mara nyingi huacha alama ya masizi pembeni mwake. Kuutafuta hakuhitaji mashine yoyote.

Jambo jingine ni baridi, na hapa mkono wa mtu umechangia. Gari likichemsha mara moja tu, mafundi wengi huondoa themostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto. Pwani kosa hilo linaweza kujificha. Mbulu mwezi wa Julai, asubuhi ya ukungu, injini isiyo na themostati huenda ikatembea kilomita nyingi bila kufika joto lake la kazi la nyuzi 80 na kitu. Kompyuta huichukulia kama injini iliyowashwa sasa hivi: huipa mafuta ya ziada, na wakati mwingine huchelewa kuanza kuisikiliza sensa. Matokeo ni masizi, ulaji wa mafuta, na sensa iliyovaa koti jeusi. Kompyuta nyingi huandika P0128, msimbo unaohusu joto la injini, lakini ukisomwa pamoja na msimbo wa sensa ni ule wa sensa unaoshughulikiwa. Sindano ya joto kwenye dashibodi isiyofika katikati baada ya dakika 15 za mwendo ni ushahidi wa kutosha wa kuanzia.

Mafuta nayo yana sehemu yake. Kuchakachua petroli kwa mafuta ya taa kulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaweze kutambuliwa. Vituoni hali ni afadhali. Vijijini, mbali na vituo, petroli bado huuzwa kwa madumu na chupa, na dumu halina wa kulipima. Mafuta ya taa hayageuki mvuke kwa urahisi kama petroli. Huleta kumisi na masizi, na mengi ya hayo huonekana kwenye sensa. Dereva aliyejaza dumu huko porini ajue jambo hilo kabla ya kwenda gereji, na amweleze fundi.

Kuna maadui wengine ambao nitawapita haraka. Panya hutafuna nyaya za gari linalolala karibu na ghala la mahindi. Tope likiingia kwenye soketi huleta kutu ya kijani, na gari lililopitiwa na tope kubwa, kama lile lililoshuka kutoka Mlima Hanang Desemba 3, 2023, linahitaji kila soketi ya chini ifunguliwe na kukaushwa kabla ya kuzungumzia sensa. Gundi za silikoni za kuzibia gasketi, zisizotengenezwa kwa injini zenye sensa, hutoa mvuke unaoitia sumu kauri na kuiacha na unga mweupe.

Masega yanastahili maneno zaidi. Yananunuliwa kwa sababu ya madini yaliyomo, na wako wenye magari wanaokubali yatolewe ili wapate fedha, au ambao yalikwisha kutolewa bila wao kujua. Gari lenye sensa mbili likishanyang'anywa masega litawasha P0420, na hakuna sensa itakayolitibu. Baadhi ya mafundi huiweka sensa ya nyuma juu ya bushi ndefu ili iwe mbali na moshi na ionje kidogo tu. Taa huzimika. Moshi ule ule wenye sumu unaendelea kutoka.

Sasa tunaweza kupima. Chombo cha kwanza ni kile kinachoonyesha marekebisho ya mafuta. Kifaa kidogo kinachounganishwa na simu kinatosha kwa magari mengi. Kuna kikwazo kimoja. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, hasa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, yanaweza kuwa na soketi ya pini 16 kama ya magari mengine duniani na bado yakakataa kuzungumza na kifaa cha bei nafuu. Hilo haliwi dalili ya kompyuta mbovu. Lugha tu ni tofauti. Kwenye Toyota nyingi za aina hiyo fundi mzoefu huunganisha pini namba 4 na 13 kwa waya mfupi, hufungua swichi bila kuwasha injini, kisha huhesabu jinsi taa inavyopepesa. Asiyejua pini ziko wapi asijaribu, kwa kuwa pini namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja.

Marekebisho yakishaonekana, yasomwe mara mbili: injini ikiunguruma bila kukanyagwa, kisha ikipigiwa resi ya mizunguko 2,500 kwa dakika. Mantiki yake ni hii. Mpira wa hewa uliopasuka baada ya kipima hewa huingiza hewa isiyopimwa, na kiasi chake hakibadiliki sana. Injini isipokanyagwa huvuta hewa kidogo, kwa hiyo hewa hiyo ya wizi ni sehemu kubwa ya yote. Ikipigiwa resi huvuta nyingi, na ya wizi inakuwa si kitu. Basi marekebisho yakiwa juu bila resi na yakashuka kwa resi, tafuta mpira uliopasuka. Yakiwa ya kawaida bila resi na yakapanda gari linapokwea, mashaka yahamie kwenye pampu ya mafuta iliyochoka, chujio la mafuta lililoziba au kipima hewa chenye vumbi. Jaribio hili halina gharama, na kwa maoni yangu ndilo lenye thamani kuliko yote katika mada hii.

Tuchukue mfano wa kubuni. Probox linaletwa na P0171. Marekebisho ya muda mrefu yanasoma kujumlisha 21 bila resi, na kujumlisha 5 kwa mizunguko 2,500. Pamoja na msimbo, kompyuta imehifadhi hali ya injini wakati kosa lilipotokea: mwendo sifuri, joto nyuzi 84. Kwa hiyo kosa lilionekana gari likiwa limesimama na injini ikiwa na joto la kutosha. Themostati ipo na inafanya kazi. Fundi anachukua chupa ya kupulizia maji na kunyunyiza mvuke mwembamba kwenye mipira inayoingia kwenye manifoldi ya hewa, mmoja baada ya mwingine, akijihadhari na koili. Kwenye mpira mdogo unaotoka juu ya injini, mahali ulipojikunja nyuma kusikoonekana, mlio wa injini unabadilika. Mpira unabadilishwa. Marekebisho yanaanza kushuka wakati mashine bado imechomekwa, na baada ya mwendo wa kutosha yanatulia kwenye kujumlisha 3. Sensa haikuguswa, na yenyewe ndiyo iliyothibitisha kwamba kazi imekwisha.

Sensa nayo inaweza kupimwa, na wakazi wa Mbulu wana chombo cha kuipimia ambacho miji mingi haina: Mlima Magara. Barabara inayotoka Mbulu kuelekea Magara na Mbuyu wa Mjerumani hushuka ukingo wa Bonde la Ufa kwa kasi, na sehemu zake kali zimewekwa zege. Gari la gia likishuka pale kwenye gia nzito bila kukanyagwa mafuta, kompyuta hufunga nozeli kabisa. Kinachopita kwenye injini ni hewa tupu. Sensa nzima ya aina niliyoieleza hapo juu lazima ishuke hadi karibu na 0.1 ndani ya muda mfupi sana. Wakati wa kurudi, gari likikwea kwa kukanyagwa sana, kompyuta huongeza mafuta makusudi, na sensa lazima ipande hadi 0.8 au zaidi. Abiria ndiye ashike simu na kusoma. Dereva atazame kona. Sensa inayofika kote kuwili, tena upesi, inafanya kazi. Inayokwama katikati imechoka, na inayobaki chini hata mlimani itazamwe pamoja na bomba na pampu kabla ya kuhukumiwa.

Kipasha joto hupimwa kwa multimita gari likiwa limezimwa na soketi imechomolewa. Kwenye sensa ya nyaya 4, nyaya mbili zenye rangi moja kwa kawaida ndizo za kipasha joto, na kati yake panatakiwa kuwa na ohmu chache, kwa kawaida chini ya 20. Multimita isiposoma chochote, kipasha joto kimekatika na sensa ibadilishwe. Ikisoma vizuri, tafuta fyuzi na waya.

Anayeamua kununua aangalie pia aina. Toyota nyingi za kuanzia miaka ya 2000 zina sensa ya mbele ya aina nyingine, inayopima uwiano wenyewe wa hewa na mafuta kwa mapana, na haifuati zile volti 0.1 hadi 0.9. Kwa umbo na soketi inaweza kufanana na sensa ya kawaida. Ukifunga ya kawaida mahali pake, kompyuta haitaielewa, na taa itawaka kwa kosa ambalo halikuwapo. Sensa zilizotumika zinazouzwa kwenye makasha huwa zimechanganywa. Namba iliyoandikwa kwenye mwili wa ile ya zamani ndiyo ya kufuata. Kwenye injini ya silinda sita za V, kama ya baadhi ya Harrier, ziko mbili za mbele, na P0171 huhusu upande wenye silinda namba 1 tu.

Watu waliozoea Land Cruiser zenye injini ya dizeli ya 1HZ husema magari ya zamani hayakuwa na maradhi haya. Ni kweli, kwa sababu pampu yake ya dizeli inaongozwa kwa chuma na springi, haina sensa ya oksijeni ya kulalamika. Mchanganyiko ukiharibika mle hakuna wa kukwambia isipokuwa moshi mweusi.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba katika wilaya za Mbulu na Hanang sensa ya oksijeni inabadilishwa mapema mno. Ina makosa pale kipasha joto chake kilipokatika, pale iliposhindwa mtihani wa mlimani baada ya mpira, bomba na plagi kukaguliwa, au pale ilipotiwa sumu na silikoni. Pia huzeeka: sensa yenye kipasha joto hutegemewa kudumu takriban kilomita 160,000, na magari mengi hufika kwetu yakiwa yameshakula sehemu kubwa ya umbali huo. Nje ya hapo, taarifa yake iaminiwe na ifuatiliwe. Kuanza na chujio, mipira, bomba la moshi na themostati ni kuanza na vitu vinavyopatikana Katesh na Mbulu. Kuanza na sensa ni kuanza na kitu cha bei kubwa kinachotoka mbali.

Mwenye gari anaweza kusaidia kwa mambo mawili. Kabla ya kununua gari, afungue swichi bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikishawaka. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa au waya umekatwa. Na kabla ya fundi kufuta chochote, amwombe aandike kwenye karatasi misimbo yote, marekebisho ya mafuta na ile hali ya injini iliyohifadhiwa. Karatasi hiyo ibaki ndani ya gari, ili fundi wa pili, akiwa Babati au Singida, asianze na sensa.

Taa ikiwaka bila kupepesa na gari halijabadilika, linaweza kufika nyumbani na kusubiri fundi. Ikipepesa gari likiwa mwendoni, silinda inamisi na petroli mbichi inaunguzwa ndani ya masega, ambayo yanaweza kuyeyuka kwa joto hilo. Punguza mwendo, egesha, zima injini.